Dirisha la Mzee Usipepese

Mume wangu hajui kupika, hajui kuogelea, na ukimtuma sabuni dukani atarudi na kiberiti. Lakini mwanga anaujua. Nasema mapema ili baadaye mtu asije akaniambia nampamba kwa sababu ni wangu. Mimi ni msusi. Miaka thelathini na miwili nimesimama nyuma ya vichwa vya watu, na msusi mikono ikishughulika mdomo haukai bure, kwa hiyo huyu mwanamume nimemsema sana mbele za wateja. Leo nataka kumsifu. Nikianza kumchamba katikati mnivumilie, ni mazoea.

Mtaani wanamwita Mzee Usipepese. Ni mpiga picha, na kwa miaka arobaini neno lake la mwisho kabla ya kubonyeza ni hilohilo: "Usipepese." Mtoto wetu wa kwanza alipoanza kuongea, baada ya "mama" neno lake la pili lilikuwa "usipepese." Haki ya Mungu. Tulipompeleka kwa daktari kupimwa macho akamwambia daktari.

Ana tabia moja iliyonitesa tangu uchumba. Hampigi mtu picha mpaka yeye mwenyewe akae kwanza kwenye kiti cha mteja. Hata picha ya pasipoti. Anakaa, anaitazama taa kwa macho ya atakayepigwa, anainuka, anasogeza stendi upana wa vidole viwili, anakaa tena. Nje foleni imenuna mpaka mlangoni. Mteja akiwa mtoto, mzee anapiga magoti akae kimo chake. Siku ya picha yetu ya harusi alikaa kwenye kiti changu mara tatu, mimi nimesimama na shela langu kama mgeni aliyekosa nafasi, halafu akasema, "Sasa njoo, hapa hapakuumizi macho." Hapo ndipo nilipojua naolewa na mtu wa namna gani.

Tena alikuwa na penseli. Enzi za filamu alikuwa analala kifudifudi juu ya negativu, penseli imechongwa kama sindano, anafuta chunusi, makovu na mikunjo ya shingo. Watu walitoka studio kwake wakiwa wazuri kuliko walivyoingia. Kuna mama mmoja alifuata picha yake, akaitazama, akauliza, "Huyu ni binti yangu yupi?"

Simu zilipokuja kila mtu akawa mpiga picha, studio ikafungwa. Hakulalamika. Akabeba taa zake kubwa mbili akazileta sebuleni, na siku moja narudi kazini nakuta ukuta wa magharibi una tundu la kupitisha ng'ombe. Kavunja mwenyewe kwa nyundo. "Mwanga wa saa kumi, mama watoto," akaniambia, vumbi hadi kwenye kope. "Huu mwanga huwezi kuununua popote." Akapachika kioo kikubwa, na tangu siku hiyo pazia zito likawa mwiko nyumbani kwangu. Lesi tu, tena ya kubembelezana. Wateja wachache waliobaki aliwakalisha hapo dirishani, na kweli, walitoka wazuri.

Sasa niingie kwenye lililonipata.

Mwaka jana niliteleza saluni kwenye maji ya kuoshea nywele, nikaangukia bega la kulia. Nilifungwa mkono kifuani wiki tano. Walipoufungua haukuwa mkono tena, ulikuwa kitu kinachoning'inia. Ukipanda hadi kifuani unagoma, na ukiulazimisha, maumivu yanakuja mpaka kwenye meno. Na msusi bila mkono wa kulia ni nini? Ni mtu wa kukaa kwenye kochi akiulizwa anaendeleaje.

Kliniki nikapewa binti wa mazoezi, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, ana vidole vya chuma na sauti ya asali. Alinikanda, akanivuta, halafu akaniuliza, "Bibi, unacheza gemu?"

"Nina miaka sitini na moja, mwanangu. Gemu la mwisho nililocheza ni kuruka kamba."

Akacheka, akanitolea kasha. Ndani kulikuwa na mashine ya michezo ya video, ile usiyoshika kitu mkononi. Unaichomeka kwenye TV, ina kijicho cha kamera, unasimama mbele yake na mwili wako ndio unaocheza. Kwenye TV kunatokea kikaragosi cha vijiti, ukiinua mguu kinainua, ukiinama kinainama. Mchezo wangu ulikuwa wa ndege. Ukipandisha mkono ukapita sikio, ndege mdogo wa bluu anashuka anatua kiganjani, anaanza kudonoa punje. Ukitulia mpaka umehesabu thelathini, anamaliza, anaimba, anaondoka. Mkono ukishuka kabla, anaruka na punje zinamwagika. Kila unachofanya mashine inakiweka kwenye kumbukumbu.

"Ndege watatu, mmoja baada ya mwingine, siku moja," binti akasema. "Nakupa wiki sita. Ukiniletea kumbukumbu ya ndege watatu, nitajua bega linarudi lenyewe. Wasipopatikana tutakwenda kwa daktari wa upasuaji, na bega likishafunguliwa, Bibi, kazi ya kusimama mikono juu siku nzima sikuahidi."

Niliogopa, sitaki kudanganya. Kisu kilinitisha, lakini kilichonitisha zaidi ni kuamka asubuhi nikiwa sina kichwa cha mtu cha kwenda kukishika.

Muda wa kucheza ulikuwa mmoja tu. Asubuhi bega linakuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua, na usiku linavimba lenyewe. Binti akaamua saa kumi alasiri, dawa ya mchana ikiwa bado inafanya kazi. Na pa kucheza napo ni sebuleni tu, maana mashine inataka usimame mbali nayo hatua tatu. Chumbani kwetu kuna kitanda na kabati, katikati hapo hata paka anapita ubavu.

Siku ya kwanza nikasimama. Jua la saa kumi limejaa dirisha zima la mzee, chumba kinawaka. Nikauma meno, nikapandisha mkono. Kikaragosi kikatikisika, mkono wake ukakatika begani, ukapotea. Halafu kikapotea chote. Maandishi yakatokea: *Sogea mbele ya kamera. Huonekani.*

"Huonekani?" nikaiambia. "Nimezaa watoto wanne, nimezika wazazi wangu wote wawili, nimesuka nusu ya mji huu, wewe kidude unaniambia sionekani?"

Nikarudia. Huonekani. Siku ya pili, huonekani. Siku ya nne ndege alikuja kweli, akakaribia kiganja, kikaragosi kikapatwa na kifafa, ndege akaruka zake. Mimi nikakaa chini kwenye zulia nikalia. Uchungu wa bega nilikuwa nimeuzoea. Nililia kwa sababu najitahidi mpaka natokwa jasho na hakuna anayeona.

Mzee alikuwa mlangoni. Hakunibembeleza, hajui kubembeleza. Alikitazama kile kijicho cha kamera kama mtu aliyemkuta kijana anamvunjia mkewe heshima. "Kamera ni kamera," akasema. "Haioni kwa sababu haijapewa mwanga."

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Karatasi ya maelezo iliyokuja na mashine hatukuisoma, mzee alikuwa ameikunja akaiweka chini ya mguu wa meza unaopwaya. Akatoa taa zake mbili kubwa, zile za zamani zinazotoa joto la kuivisha yai, akazifuta vumbi, akazisimamisha. Moja akaifunga kwenye stendi yenye mkono wa chuma, na juu yake mwavuli mweupe. Na jua la dirishani liko palepale. Nikawa nachezea ndege katikati ya tanuri.

Siku mbili hali ikawa mbaya zaidi. Siku ya tatu akasogeza ile stendi ya mwavuli nyuma yangu kidogo, upande wa kulia. Nikainua mkono. Ndege akashuka, akatua! Akadonoa, akadonoa, mimi nahesabu huku machozi yananitoka, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Akaimba. Jamani! Nilipiga kigelegele kwa mdomo mkavu. Wa pili akatua. Kesho yake wawili. Keshokutwa yake watatu mfululizo, na mashine ikapiga tarumbeta na kuandika *Hongera*. Wiki ya pili haijaisha, na kumbukumbu ya binti wa mazoezi ninayo kwenye kasha! Nikampigia msaidizi wangu saluni nikamwambia anipangie wateja wa mwisho wa mwezi.

Nikamgeukia mume wangu nimpe sifa zake. Kakaa kwenye kigoda, kanuna.

"Una nini wewe?"

"Rudia," akasema. "Ndege akishatua, shusha mkono."

"Niushushe kwa nini? Ataruka."

"Ushushe tu, mama watoto."

Nikarudia. Ndege akatua. Nikashusha mkono taratibu hadi pajani. Ndege yupo. Kikaragosi kimesimama, mkono juu kama askari wa barabarani, ndege anadonoa. Nikajikuna pua kwa mkono uleule. Ndege yupo. Mzee akainuka, akauzungusha ule mkono wa chuma wa stendi, na kwenye TV kikaragosi kikanyoosha mkono pembeni, ndege akaruka.

Siku tatu nilikuwa nafurahia mkono wa taa.

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nikamwambia, "Miaka arobaini unawafutia watu makovu! Umewafuta chunusi watu usiowajua hata majina! Umemtoa kitambi mwenyekiti wa mtaa, bwana harusi kengeza umemnyoosha jicho! Mimi mkeo, na huu mkono, ndiyo leo umekumbuka ukweli?"

Akaanza kukunja waya wa taa kwenye kiwiko. Alikuwa amekasirika pia, niliona masikio yamemsimama. "Picha inakwenda ukutani," akasema. "Mkono unakwenda nao kazini."

"Toka mbele yangu."

"Natoka. Mashine ni yako, na kumbukumbu sijaigusa. Ukitaka kuipeleka, nitakubebea kasha hadi kliniki."

Siku mbili hatukuongea. Yaani "chumvi" na "asante" basi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, kwa sababu alikuwa sahihi, na hakuna mtu wa kuchukiza duniani kama mume aliye sahihi. Kasha nilishaliweka karibu na mlango. Nilijiambia, kwani binti atajua? Bega litapona njiani. Siku ya pili jioni nilitaka bakuli la rafu ya juu jikoni, nikaupeleka mkono wa kulia bila kufikiri. Ulifika kifuani, ukagoma. Nikausukuma kwa mkono wa kushoto kama mtu anayepandisha gunia, ukanirudia. Nikasimama pale nikiwaona akilini wateja wangu wa mwisho wa mwezi wamekaa wananisubiri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikarudi sebuleni, nikafungua kasha, nikachomeka mashine, nikafuta kumbukumbu yote mwenyewe kwa kidole changu. Ndege wanane wa uongo, wote nikawafukuza.

Kesho yake saa kumi nikamkuta mzee kalala kifudifudi sebuleni, kidevu kwenye zulia chini ya TV, kichwa kimegusa mashine.

"Umeanguka?" nikauliza. Lilikuwa neno la kwanza la maana baada ya siku mbili.

"Nimekaa inapokaa," akasema. "Simama pale unaposimama."

Nikasimama. Akanitazama kutoka chini, macho kayafinya. "Sikuoni uso. Nyuma yako pote pameungua. Dirisha linanipiga machoni, kabati la vioo linanipiga ubavuni." Akatoa simu yake apige picha ya anachokiona. Kisha akageuka aipige mashine yenyewe. Akaisogeza simu, akairudisha. "Njoo uone."

Kwenye kioo cha simu, pembeni ya kile kijicho, kulikuwa na vidoa vya rangi ya zambarau vinang'aa. Nikaitazama mashine kwa macho yangu, hakuna kitu, plastiki nyeusi. Nikatazama kwenye simu, vidoa vinawaka. Akachukua rimoti ya TV, akaielekeza kwenye simu na kubonyeza, nayo ikamulika kidoa kama kile.

"Ina taa yake," akasema, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. "Mwanga ambao jicho la mtu halioni. Inakumulika nao, mwanga ukirudi inajua ulipo. Na jua limejaa mwanga huohuo, na taa zangu za moto vilevile. Ni sawa na kuwasha tochi mchana kweupe halafu mtu akuulize mbona haimuliki." Akakaa kitako, akafuta uso. "Miaka yote nakaa kwenye kiti cha anayepigwa. Huyu ni mpiga picha mwenzangu, kaja na taa yake, mimi sikumuuliza. Nikaja nikamwashia zangu usoni. Fundi gani anafanya hivyo?"

"Fundi mwenye mke mgonjwa," nikamwambia. Huko ndiko kuombana msamaha kwetu.

Tukaitoa ile karatasi chini ya mguu wa meza. Mstari wa tatu: *Epuka jua la moja kwa moja na taa zenye joto.* Nilitaka kumpiga nayo, lakini mkono wa kupigia ndio huo.

Na hapa ndipo ninapomsifu, mtu asinikatize. Yule mwanamume aliyebomoa ukuta kwa ajili ya mwanga wa saa kumi, aliyenizuia pazia miaka tisa, alikwenda chumbani akarudi na blanketi letu la baridi, lile zito la kijivu. Akapanda kigoda, akachukua misumari, akaliziba dirisha lake. Kabati la vioo akalivika shuka. Meza ya kioo akaitoa uani. Akaacha taa moja ndogo ya ukumbini, ile isiyo na joto, ili nisijikwae. Sebule ikawa na giza la chini ya kitanda. Kisha akalala tena chini inapokaa mashine, akatazama, akainuka, akalivuta blanketi kona ya kushoto upana wa vidole viwili, akalala tena. Nilimtazama nikasema moyoni, Mungu, huyu umenipa mwenyewe.

Nikasimama, nikapandisha mkono. Kikaragosi kikatulia tuli, hakikutetemeka hata kidogo. Kwa mara ya kwanza kilinionyesha mimi mwenyewe. Mkono wake ulifika kifuani, na kiuno kimepinda, na bega la kushoto limeinuka kunisaidia, kama mtu anayechungulia ukutani. Ndege hakuja kabisa. Niliumia. Kumbe hata siku zile nilizodhani mashine inanionea, mkono wenyewe haukuwa umefika kokote.

"Sasa tunajua tunapoanzia," mzee akasema.

Zilibaki wiki nne. Kila siku, saa tisa na nusu, nasikia kigoda kinaburutwa na misumari inagongwa. Kila jioni nasikia anaing'oa, maana usiku blanketi tunalihitaji. Nilimwambia aache, nitalala na shuka. Akasema bega likipigwa baridi litagoma. Basi kila siku anagonga, kila siku anang'oa. Wateja wawili wa picha walikuja wiki ile ya kwanza wakitaka mwanga wa dirishani, akawaambia warudi mwezi ujao.

Mimi napandisha, yeye anakaa sakafuni pembeni ya TV akinitazama inaponitazama mashine. "Kiuno," anasema. Nanyoosha kiuno. "Bega la kushoto, liache lilale." Nalilaza. Mkono ukapita kifua. Ukafika kidevuni. Siku moja ukafika kwenye sikio na ndege akachungulia, akaona hapamfai, akaenda zake, na sisi wazee wawili tulikumbatiana gizani kama tumeshinda kombe. Wiki ya tano akatua, nikahesabu kumi na moja. Niliuma leso. Nilimtukana mzee, nilimtukana ndege, nilimtukana binti wa mazoezi na ukoo wake wote, Mungu anisamehe. Mzee anasubiri nimalize, anasema, "Haya, kiuno."

Siku ya mwisho ikafika nikiwa na ndege wawili tu kwa siku, sijawahi watatu. Kesho yake asubuhi ndiyo kliniki.

Wa kwanza alitua, nikamaliza thelathini. Wa pili akatua, nikamaliza, lakini bega lilikuwa linatetemeka na jasho limenishuka mgongoni. Nikashusha mkono nipumue. Sheria ya mchezo ni kwamba kati ya ndege na ndege huna muda mrefu. Kuna kijua kwenye kona ya TV kinazama, kikizama chote unaanza upya. Na mimi kuanza upya nilikuwa sina.

Hapo nikasikia kokoto zinadondoka. Ukuta ule kwa kugongwa misumari wiki nne ulikuwa umechoka, saruji imekuwa unga. Msumari wa kwanza ukatoka, wa pili ukaufuata, blanketi likaanguka upande mmoja, na jua la saa kumi likaingia lote. Kikaragosi changu kikakatika mkono.

"Mzee!"

Alishapanda kigoda. Hakukuwa na muda wa nyundo, wala ukuta wa kupigilia. Akazikamata pembe mbili za blanketi akazibana juu ya dirisha kwa viganja, mikono yote miwili imenyooka, uso wake ndani ya sufu. Giza likarudi. "Cheza!" akaniambia kutoka humo ndani.

Nikapandisha. Kifua, kidevu, sikio. Bega linapiga kelele. Ndege akashuka, akatua. Moja, mbili. Siwezi kugeuka, nikigeuka ataruka, lakini namsikia mzee nyuma yangu. Ana miaka sitini na saba, pumzi yake inakwama inatoka, inakwama inatoka. Kigoda kinalia. Kumi na nne. Kwenye ukuta wa mbele mstari mwembamba wa jua ukatokea, ukacheza, ukafutika. Alikuwa ameteleza akajirudisha. Ishirini. Kiuno, nikajiambia mwenyewe. Ishirini na sita. Sikuusikia tena mkono, nilisikia pumzi ya yule mwanamume tu. Thelathini. Ndege akaimba, tarumbeta zikalia, *Hongera* ikajaa kioo.

"Ametulia?" akauliza. Uso uko kwenye blanketi, haoni kitu, hajui hata tarumbeta ni za nini. "Mama watoto, bado? Naweza kushika. Usinihurumie, hesabu tu."

Nikageuka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuanzia viganjani hadi mbavuni, shati limepanda, tumbo liko nje, na kashikilia tu. Nikaenda haraka nimpokee kabla hajaanguka. Mimi nimemzidi urefu, na yeye hapendi lisemwe. Nilisimama pembeni ya kigoda chake, nikanyoosha mkono, nikaikamata ile kona ya blanketi juu kabisa ya dirisha, nikaibana ukutani.

"Shuka," nikamwambia. "Nimeshika."

Akaachia. Akakaa juu ya kigoda anatweta, akaanza kujikanda mabega. Kisha akainua macho kunitazama na mikono yake ikasimama hewani.

"Mama watoto," akasema. "Umeshika kwa mkono gani?"